Kunde za Bi Pimbi na Paa la Jiwe

Hapo zamani za kale, Kifaru aliinama kuinua jiwe hivi: akapanua miguu hivi, akanyoosha mgongo hivi, akashuka chini, chini, chini kabisa, akavuta pumzi, na...

Chwaaa.

"Mjomba," alisema Mwanaidi aliyekaa mbele, bila hata kutabasamu, "suruali imepasuka nyuma."

Basi chekeni, chekeni mmalize. Suruali hii imepanda nami milima ya Usambara, imevuka nami Ziwa Tanganyika, imelala nami juu ya magunia ya vitunguu kule Karatu, na safari zote hizo haikunitia aibu. Kumbe ilikuwa inawangoja ninyi. Hadithi hii nitaisimulia nimekaa, na atakayenitaka nisimame aje na sindano na uzi.

Tuanze upya. Hapo zamani za kale, zama ambazo hakuna mnyama aliyevaa suruali na kwa hiyo hakuna aliyepasukiwa, paliondokea Bi Pimbi. Alikuwa mdogo, wa kuenea kwenye kikapu cha sokoni, masikio mafupi, mkia hana. Lakini nyumba alikuwa nayo. Na nyumba yenyewe ilikuwa jabali zima, jiwe juu ya jiwe, alilolirithi kwa mama yake, naye mama yake alilirithi kwa bibi.

Kulikuwa na jiwe la kizingiti. Kulikuwa na mawe ya ukuta wa jikoni. Kulikuwa na jiwe pana la kuotea jua, ambalo mumewe, Bwana Pimbi, alijilaza juu yake kila asubuhi, maana hiyo ndiyo kazi pekee aliyoimudu bila kusimamiwa. Na juu ya yote palikuwa na Jiwe Mama. Hilo ndilo lililokuwa paa. Chini yake walilala watoto wao watatu, wachanga, manyoya laini kama sufi.

Sasa, bondeni chini ya jabali hilo, Kifaru alikuwa amefungua uwanja wa kuinua mawe.

Alikuwa na sababu. Kwenye sikukuu ya mavuno iliyopita, Kiboko wa ng'ambo ya mto alimkamata Kifaru katika mieleka, akamzungusha, akamtupa matopeni, chubwi, mbele ya wakwe zake. Mbele ya wakwe, wanangu. Mama mkwe akafuta tope usoni pake kwa upande wa khanga. Tangu siku hiyo Kifaru hakuwa na habari nyingine kinywani ila misuli. Aliwakusanya Nyati na Ngiri, wakawa wanainua mawe tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Hnnngh, juu. Tii, chini.

Na mawe waliyatoa wapi? Jabalini kwa Bi Pimbi.

Kwanza kilikwenda kizingiti. Bi Pimbi akanyamaza, akisema moyoni kuwa ujirani ni kuvumiliana. Kisha ukaenda ukuta wa jikoni, upepo ukawa unazima moto wake kila anapouwasha. Alipokwenda kulalamika, Kifaru alimjibu, "Jiwe halina mwenyewe, Bi Pimbi. Jiwe ni la anayeliinua."

Kisha likaenda jiwe la kuotea jua. Bwana Pimbi alizinduka usingizini akajikuta hewani, juu ya kichwa cha Nyati, akipandishwa na kushushwa pamoja na kitanda chake.

"Mke wangu," alisema aliporudi, vumbi mpaka kwenye kope, "leo nimeliona bonde lote. Ila sikupenda nilivyoshushwa."

Mwishowe Kifaru alipanda jabalini yeye mwenyewe. Hakubisha hodi. Alilitia bega Jiwe Mama, akasukuma. Hnnngh. Jiwe halikutikisika. Akavuta pumzi, akasukuma tena. Chini yake watoto wakalia, nyiii.

"Zito," alisema Kifaru akifuta jasho, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeonyeshwa pilau. "Hili ndilo la kunipimia. Mwezi ukiandama, kabla ya sikukuu, nitarudi kulichukua."

"Bwana Kifaru, chini yake kuna watoto."

"Watahama. Si wana miguu?"

"Wana miguu," alisema Bi Pimbi, "na tai naye ana macho."

Lakini Kifaru alikwisha geuka, tifu, tifu, anateremka.

Bwana Pimbi alishauri wapigane. Bi Pimbi alimtazama kuanzia kichwani mpaka alipofika miguuni, na safari hiyo haikuwa ndefu. Pimbi hapigani na kifaru. Pimbi hutazama. Basi alikaa juu ya kile kilichobaki cha ukuta wake akautazama ule uwanja, jinsi wanavyoinua, jinsi wanavyotua, na hasa wanavyofanya baada ya kutua.

Na baada ya kutua hawakufanya kitu. Huo ndio ulikuwa mshangao.

Kwao kulikuwa na desturi: hakuna kinywa kinachofunguka kabla ya kinywa cha mkubwa. Mkubwa alikuwa Kifaru. Na Kifaru, akishatua jiwe la mwisho, alijitupa kivulini akalala, khorooo, mpaka jua lizame. Nyati na Ngiri walikaa ubavuni mwake, udenda unawatoka, wakisubiri. Ngiri akithubutu kukohoa, Kifaru husema bila kufungua macho, "Njaa ndiyo inayokaza msuli." Jioni huamka, hunywa uji mweupe usio na hata tone la maziwa, na hao wawili hulamba sufuria.

Siku baada ya siku mawe yalikuwa yale yale, ila waliokuwa wakiyainua walipungua mwili. Nyati alikonda mpaka pembe zake zilionekana kama ameziazima kwa kaka yake.

"Kumbe," alisema Bi Pimbi peke yake. Akashuka ukutani, akawasha moto.

Alichemsha kunde zikaiva mpaka zikapasuka. Akazitia karanga za kusaga. Akafukia viazi vitamu majivuni. Mayai alipewa na jirani yake Bata, ambaye alisema mwaka huu amechoka kulea. Mtindi ulikuwa kibuyuni. Chungu kilipoanza kunong'ona, to-to-to-to, alichukua ungo akaupepea mvuke wote kuelekea bondeni.

Haukupita muda kikasikika kishindo cha mtu mzito anayejaribu kunyata.

"Hodi hapa," alinong'ona Nyati.

"Karibu, mwanangu. Umepotea njia?"

"Pua ndiyo imenileta, mama. Miguu imefuata tu."

"Kaa. Usiukalie ukuta, ndio uliobaki."

Nyati akala. Akala kwa heshima kwanza, kisha heshima ikaisha akala kwa njaa. Bi Pimbi alimwachia mpaka alipoanza kupumua.

"Mwanangu, mawe mnainua kila siku. Misuli iko wapi?"

Nyati aliligeukia bega lake, akalitazama kama mtu anayetafuta mbuzi aliyemfunga hapo jana. "Hata mimi najiuliza, mama."

"Sikiliza. Mwili ni nyumba ya udongo. Ukiinua jiwe zito, unaubomoa ukuta kidogo. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Ukishalitua, fundi anakuja kuujenga upya, mnene kuliko wa jana. Anakuja na mwiko mkononi. Anauliza, matofali yako wapi? Kunde ni tofali. Yai ni tofali. Mtindi, karanga, matofali hayo."

"Na kiazi?"

"Kiazi ni chakula cha fundi mwenyewe. Fundi mwenye njaa hula matofali."

Nyati aliacha kutafuna. "Sasa kwetu sisi, fundi akija anakuta..."

"Anamkuta Kifaru anakoroma."

"Ala," alisema Nyati taratibu. Alichukua yai jingine, akalitazama kwa heshima mpya, akalimeza. "Na huyo fundi hungoja mpaka lini?"

Mpaka hapo yote aliyoyasema yalikuwa kweli, aliyasikia kwa mama yake aliyelea pimbi wenye mapaja kama ndizi za mkono wa tembo. Neno lililofuata alilitunga mwenyewe.

"Hungoja mpaka jasho likauke," alisema. "Likikauka tu, amechukua mwiko wake kaondoka."

"Lakini mama, kutoka uwanjani mpaka hapa, mwinuko wote huu na upepo wote huu, si litakauka njiani?"

"Ndiyo hapo, mwanangu."

"Basi tuletee chungu uwanjani."

"Mimi? Chungu hiki? Nitakibeba au kitanibeba?"

Nyati akajikuna utosini kwa ukwato. Alifikiri kwa nguvu sana, mpaka masikio yakasimama. "Mama. Na kama nitapanda na jiwe lenyewe begani? Nalitua hapa hapa, jasho bichi, nakula hapo hapo."

Upawa ulimponyoka Bi Pimbi mkononi. "Mwanangu Nyati," alisema, "hilo mimi nisingeliwaza kamwe."

Kesho yake Kifaru alipoanza kukoroma tu, Nyati alipanda jabali na kizingiti begani. Hnnngh. Hnnngh. Jasho linatiririka mpaka puani.

"Nitue wapi, mama?"

"Popote tu. Hapo mlangoni. Kidogo kushoto. Ligeuze, ule upande laini uje juu. Lisogeze tena, la, umepitiliza. Hapo hapo. Haya, nawa ule."

Aliposhiba alitaka kushuka nalo.

"Na tumbo hilo?" alisema Bi Pimbi. "Jiwe juu ya kunde litakukoroga mpaka ujute. Liache. Uwanjani hakuna mawe mengine ya kesho?"

"Yapo tele."

"Basi. Na asubuhi ule tena, na jioni ule tena, nyumba haijengwi kwa matofali ya mlo mmoja. Maji unywe. Na usiku ulale, fundi hupenda kujenga mwenye nyumba akiwa amelala."

Nyati alifuata kila neno. Kunde zilipopungua, alileta gunia kutoka shambani kwa mama yake. Na misuli ikaja. Ilikuja shingoni kwanza, kisha mabegani, kisha mgongoni, mpaka kunguru waliozoea kutua juu yake wakawa wanateleza. Ngiri alipoona hivyo naye akaanza kupanda. Lakini Ngiri ana miguu mifupi na anapenda vivuli. Alikuwa akipumzika chini ya kila kichaka, na kufika kwake juu ni wakati Nyati amekwisha kula, amenawa, anajichokonoa meno. Jasho la Ngiri lilikuwa limekauka zamani, nywele zimesimama kwa vumbi.

"Pole, Ngiri," Bi Pimbi humwambia kila siku, akifunua sahani aliyomwekea, kwani hakujua kumfukuza mgeni. "Fundi wako amekwisha ondoka."

"Hakuna neno, mama. Nitakula tu chakula kisiharibike."

Ikafika siku Kifaru akaamka mapema kuliko kawaida. Alimwona Nyati akilirusha jiwe juu kwa mkono mmoja, huku anapiga mluzi.

"Nyati. Shingo hiyo umeitoa wapi?"

Nyati hakujua kusema uongo. Alionyesha juu kwa pembe.

Kifaru alipanda jabali kwa hasira, na Bi Pimbi alipomwona anakuja, moyo ulimdunda, du, du, du, ukataka kutokea masikioni. Lakini mkono uliendelea kukoroga chungu.

"Unawalisha vijana wangu kabla yangu?" alinguruma Kifaru.

"Hasha, Bwana Kifaru. Mkubwa ndiye wa kwanza. Lakini chakula hiki ni cha aliyetoka kutua jiwe. Kwa hiyo mkubwa wa kula kwanza ndiye mkubwa wa kubeba kwanza."

Kifaru alilipima neno hilo. Lilikuwa na heshima ndani yake, na harufu ya karanga. "Nibebe jiwe gani?"

"Mimi mtu wa jikoni, bwana, mawe siyajui. Ngiri hubeba lile dogo dogo. Hata wewe ukibeba lile..."

"Mimi? La Ngiri?" Pua za Kifaru zilitoa mvuke mwingi kuliko chungu. "Kesho utaona."

Na kesho yake waliona. Kifaru alipanda na jiwe pana la kuotea jua, kubwa kuliko yote waliyoyachukua, miti ikitetemeka kila alipokanyaga. Bwana Pimbi alilipokea kama mtu anayempokea ndugu yake kutoka safari ya mbali. Alilipanda kabla halijatuliwa.

Kifaru akala. Hakusema asante, alisema, "Ongeza."

Basi kuanzia hapo, wanangu, jabali likawa ni shamrashamra. Kila siku mawe yanapanda. Ukuta ukasimama, moto ukaacha kuzimika. Bi Pimbi alielekeza, "Mkubwa, hilo lingependeza pembeni pale," na Kifaru akapeleka pembeni. Nyati akiimba, Ngiri akifika mwisho, chungu kikisema to-to-to-to. Bi Pimbi alikuwa akicheka mchana. Lakini kila alipoingia kuwanyonyesha watoto aliutazama ule mwamba juu ya vichwa vyao, akakumbuka kwamba mwezi haujui urafiki. Mwezi huandama tu.

Ukaandama.

Asubuhi Kifaru alifika uwanjani mapema, kifua mbele, ngozi inambana. Akasimama. Akatazama huku na huku. Uwanja ulikuwa mweupe kama kiganja.

"Ngiri. Mawe yako wapi?"

Ngiri alitazama kushoto. Alitazama kulia. Akatazama juu. "Yale pale, bwana."

Kifaru aliinua kichwa. Jabali lilikuwa limesimama zima, kizingiti mahali pake, ukuta mahali pake, na kileleni Bwana Pimbi amejilaza juani, akawapungia mkono.

"Nani ameyarudisha?"

"Sisi, bwana."

"Sisi nani?"

"Mimi nilirudisha madogo," alisema Ngiri. "Makubwa ulirudisha wewe."

Kifaru hakupanda lile jabali, alilirukia. Vumbi, mawe madogo, ndege wote angani. Nyati na Ngiri nyuma yake, wanamsihi. Bi Pimbi alimkabili mlangoni pake, akasimama juu ya kizingiti ili walau aongeze urefu kidogo.

"Umetufanya wapagazi!"

"Niliwafanya wageni, Bwana Kifaru. Mgeni mwema haji mikono mitupu."

"Ulimwambia Nyati kuwa fundi huondoka jasho likikauka. Ndiyo maana nikapanda mlima huu na mawe kama punda!"

"Na jasho ndilo..." alianza Bi Pimbi.

"Samahani, bwana," alisema Ngiri. "Mimi nina jambo moja. Sijawahi kufika hapa na jasho bichi. Hata siku moja. Na shingo yangu hii hapa."

Aligeuka ili ionekane vizuri. Ilikuwa shingo kama kinu.

Kifaru alitazama ile shingo, akamtazama Bi Pimbi, akakipita kizingiti na kwenda moja kwa moja kwenye Jiwe Mama.

"Basi hili nalichukua."

"Watoto wamelala," alisema Bi Pimbi.

Kivuli kikapita juu ya mawe, kikarudi. Tai.

Kifaru akapanua miguu hivi, kama nilivyowaonyesha. Nitazameni usoni, msitazame kwingine. Akanyoosha mgongo. Akashuka chini, akakumbatia mwamba. Hnnngh. Jiwe likatikisika. Hnnngh. Likaachana na mawe yaliyolibeba tangu enzi za bibi. Likafika magotini, likafika kifuani, likapanda mpaka juu ya kichwa chake na kusimama hapo kama kofia.

Chini, watoto watatu walilitazama jua wakikunja macho. Mmoja akapiga chafya, chya.

Bi Pimbi alikwisha ruka akasimama juu yao, mikono ameitandaza, mwili wote ule usiotosha hata kumfunika mmoja. Tai akashuka mzunguko mmoja karibu zaidi.

Kifaru naye alikuwa akingoja magoti yake yatetemeke. Hayakutetemeka.

"Nyati," alisema polepole. "Nimeliinua?"

"Umeliinua, bwana. Hata sasa umeliinua."

"Lile lile?"

"Lile lile lililokushinda."

"Na Kiboko anafika uzito huu?"

"Hafiki nusu, bwana, hata akila na majani ya mto wote."

Uso wa Kifaru ulianza kucheka upande mmoja huku upande wa pili ungali na hasira, asijue atumie upi kwanza. "Lakini wewe mwanamke," alisema kutoka chini ya mwamba, "kweli umetudanganya?"

"Saa ya jasho ilikuwa ya uongo, kunde zilikuwa za kweli, na msuli hujengwa na kunde," alijibu Bi Pimbi. "Sasa rudisha paa la watu, chakula kinapoa."